Kofi la Askofu

Jumanne, 4 Juni
Clifford amenikuta sokoni nikipanga ndizi. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu Gordon, miaka kumi na tano. Jumapili Baba Askofu anakuja hapa Sindo kutoa sakramenti ya kipaimara, na Clifford anataka mimi ndiye nimsimamie. Nikamwambia ameokota dhahabu. Nikamsimulia tena kipaimara changu: Askofu wa zamani alinipiga kofi la shavu ili niwe askari wa Kristo, nikaona nyota mchana, na mvua ikanyesha mpaka Mbita. Katekista Simeon alikuwa hapo akichagua ndizi. Akasema kesho wasimamizi wote watahojiwa. Mimi nihojiwe! Na mtu anayenunua ndizi mbili mbili!

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi nikamwomba Rispa anifundishe Amri Kumi. Mke wangu ni Msabato, Biblia anaijua kama jiko lake. Nikazikariri zote kwa namba kabla chai haijapoa. Homa Bay nzima hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Saa nane, ofisi ya parokia. Simeon akauliza amri ya sita. Nikajibu kwa sauti ya mtangazaji: usiue. Akakohoa. Akauliza ya nane. Usiibe. Akafunga kitabu.

Kumbe Wasabato wana hesabu yao, na sisi Wakatoliki tuna yetu! Amri ni zilezile, namba zimesogea. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, Rispa hajawahi kunidokezea. Nikauliza, basi yetu ya nane ni ipi. Usiseme uongo, akasema Simeon, akaniangalia zaidi ya ilivyohitajika. Halafu akasema atapekua daftari la kipaimara aone jina langu.

Sijala chakula cha jioni.

Ijumaa, 7 Juni
Ubatizo wangu umo. Kipaimara hakuna.

Humu naweza kuandika, hakuna anayesoma. Siku ile, mwaka 1989, nilitoroka kwenda Sori kuona mamba aliyenaswa na wavuvi. Hata mamba mwenyewe nilikuta ameshaondolewa. Gordon alienda kanisani peke yake. Kofi lilikuwa lake.

Nikamwambia Simeon mimi nilipata kipaimara kisiwani, na daftari likaanguka ziwani. Nilidhani nimemmaliza. Akasema vizuri sana, basi siwezi kupewa tena. Kipaimara hupokewa mara moja tu, huacha alama rohoni isiyofutika. Bila ushahidi, usimamizi hakuna. Ingekuwa sijawahi kukipata, Padri angeniruhusu nipokee Jumapili pamoja na watoto, kisha nisimame nyuma ya Clifford. Lakini mzee mkubwa kama mimi, si nimeshapata? Basi yeye Simeon atamsimamia mtoto.

Nimejifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Rispa yuko kanisani kwake. Clifford akaja, ameshaambiwa kwamba Simeon ndiye atamsimamia. Hakukaa. Akasema, "Baba mdogo, kama si wewe, mimi siendi. Baba angekuwa hai angekutuma wewe."

Nikabeba mkungu mzima mpaka kwa Padri. Nikamuuliza kama mtu anaweza kupewa kipaimara cha akiba, kama kile cha kwanza kimekwisha nguvu. Akasema sakramenti si leseni ya bodaboda. Nikaanza habari za kisiwa. Akainua mkono.

"Ratemo. Ulipata, au hukupata?"

Nikafikiria bega la Clifford chini ya mkono wa Simeon. Nikasema sikupata.

"Basi piga magoti, tuanzie hapo."

Kitubio kilichukua saa moja na nusu. Wanawake wanne waliokuwa nyuma yangu walienda nyumbani. Mkungu wangu Padri aliukataa.

Jumapili, 9 Juni
Watoto thelathini na wanane, na mimi. Niliwekwa mbele ya wote, ili nikishapakwa mafuta ya krisma nigeuke msimamizi. Na msimamizi wangu mimi nani? Simeon! Mkono wake begani mwangu ulikuwa mzito kama gunia la dagaa wa omena.

Askofu akanipaka krisma kwenye paji la uso. Nikamtegea shavu. Akanitakia amani tu. Nikatega la pili. Akamwangalia Padri. Simeon akanivuta.

Nikazunguka mbio, nikamwahi Clifford. Nikamwekea mkono begani.

Baada ya Misa nilimwambia kofi lilikuwa la baba yake. Nilingoja anitukane. Akaniomba nimsimulie upya, lakini nitaje Gordon kila mahali nilipokuwa nikijitaja mimi. Nikasimulia yote, hata mvua. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mvua sikuipunguza.

Jumatatu, 10 Juni
Soko zima linauliza kwa nini mwanaume wa miaka arobaini na tisa alipanga foleni na watoto. Wanacheka mpaka wanaangusha nyanya. Nikaeleza kwa upole kwamba Baba Askofu alihitaji mtu mzima wa kuwaonyesha watoto jinsi ya kusimama. Watu watatu waliamini. Kufikia saa sita, kwenye maelezo yangu Askofu alikuwa amenipigia simu mwenyewe.

Clifford alikuwa hapo ananisaidia kuuza. Akanivuta kando, akauliza polepole kama uongo wa Jumatatu unaweza kufuta ile alama ya Jumapili.

Nikamwambia haifutiki, mwanangu. Katekista mwenyewe alisema. Ndiyo raha yake!

Alasiri Askofu alikuwa amepiga mara mbili.