Ombi la Kuulizwa Mara Tatu Kuhusu Daraja

Kwa Mheshimiwa Seneta Marlys Ekblad,
Bunge la Jimbo la Minnesota, St. Paul.

YAH: VIPAUMBELE VYA KAUNTI YA TAMARACK NA DARAJA LISILOTAJWA

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka huku kaskazini. Sisi hatujambo, si vibaya sana, ila mume wangu Selmer nusura afe.

Kila mwaka, kabla theluji haijakolea, baraza la kaunti hutuita ukumbini tukubaliane mambo ya kuwaomba ninyi wabunge wa jimbo. Mwaka huu mtaletewa matatu: viazi vya sukari vitangazwe zao la heshima la jimbo, madiwani waruhusiwe kupiga kura kwa simu wakiwa wanavua samaki kwenye barafu, na kibao chenye jina letu pale barabara kuu kiongezwe ukubwa. Daraja la Kopperud halimo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwenyekiti wetu mpya, Bwana Vincent Marchetti, ametokea New Jersey. Simchukii, ana meno mazuri. Lakini alisimama akauliza, "Jamani, tuombe pesa za daraja la Kopperud?" Nasi, kama watu tuliolelewa, tukajibu, "Aa, msijisumbue." Basi yule bwana akagonga nyundo mezani, akahamia kwenye kibao! Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu amekuja, na wenyeji tunakata roho.

2. Wewe ni wa huku, unajua. Jirani yangu Ardis akiniambia, "Karibu kahawa," namwambia nimetoka kunywa sasa hivi. Akisema, "Kidogo tu," namwambia la, asihangaike. Akisema, "Nusu kikombe basi," hapo ndipo navua koti. Anayekubali mara ya kwanza ana njaa, au hana mama. Sasa iweje kahawa iulizwe mara tatu, na daraja mara moja?

3. Februari iliyopita moyo wa Selmer ulimbana akiwa zizini. Gari la wagonjwa lilifika upesi, likasimama ng'ambo ya kijito, maana daraja limechakaa na limekatazwa magari mazito. Kuzunguka ni mwendo wa saa nzima. Ardis na mimi tulimlaza kwenye sleji, ile ya kukokotea vifaa vya uvuvi juu ya theluji, tukamkokota kuvuka daraja, na njia nzima mgonjwa anasema, "Poleni, jamani, nawasumbueni." Niliogopa, Mheshimiwa. Bado naogopa. Daktari kasema moyo ule ukishika tena hautangoja sleji.

4. Kwa hiyo naomba sheria: mkazi yeyote wa kaunti hii aulizwe mara tatu kabla jibu lake halijaandikwa. Isiishie kwenye madaraja. Zimamoto wakituuliza mara moja kama nyumba inaungua, tunawaambia ni moshi kidogo tu. Aliyetumbukia ziwani aulizwe mara tatu kama anataka kamba, na mwokoaji avumilie. Wachumba nao wasisahauliwe. Wifi yangu Borghild aliposwa mara moja tu, na bwana mmoja wa Texas. Akajibu, "Aa, usijisumbue na mtu kama mimi." Yule bwana akashukuru, akawasha gari. Borghild mpaka leo anaishi na paka, na bado anapika chakula cha watu wawili.

5. Sheria hiyo ikipita, Bwana Marchetti alazimishwe kurudi ukumbini. Amebakiza mara mbili.

Sina zaidi. Nisalimie mumeo, watoto, na yule msaidizi wako mwenye sauti ya upole. Kama ombi hili linakusumbua, basi liache. (Hiyo ni mara ya kwanza.)

Wako mtiifu,
Gudrun Tollefsrud (Bi.)
Ng'ambo ya daraja

N.B. Kabla sijabandika stempu, mambo yamebadilika. Huku hata kuku akipiga chafya habari hufika mjini, na Bwana Marchetti amesikia kwamba naandika. Asubuhi akapiga simu: "Mama Gudrun, niliongeze daraja kwenye orodha? Nafasi bado ipo." Nikamwambia asijisumbue. Baada ya chakula cha mchana akapiga tena! Nadhani Ardis amemfunza. Nikamwambia tuko sawa tu, huku nahesabu kwa vidole: bado moja. Nikatoka mara moja kuwatupia kuku chakula, na simu ikalia mara ya tatu. Aliyeipokea ni Selmer. Bwana Marchetti akamuuliza kama anataka daraja, na Selmer akakataa kwa adabu zote. Kwake ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa.