Kimbunga Asiyejua Kona

Shemeji yangu Wendell Stuckey ndiye binadamu pekee katika Oklahoma nzima aliyeingia mbio za mapipa, asizunguke hata pipa moja, na bado akatoka ameloa chapachapa siku isiyo na wingu! Nilikuwepo. Nilicheka mpaka mbavu zikaomba talaka.

Wendell ni fundi wa viyoyozi, na kazi hiyo anaijua. Balaa ni kwamba anajua na mengine yote. Ukiumwa jino, anajua. Mvua ikichelewa, anajua ilipokwama. Kwa hiyo farasi wa dada yangu Verlene alipoanza kuchoka magoti, Wendell alijua dawa yake pia.

Verlene ndiye mke wake, na amekuwa kwenye mbio za mapipa tangu hajaota magego. Mchezo wenyewe ukisimuliwa unauona rahisi. Mapipa matatu yamewekwa pembe tatu uwanjani. Unaingia mbio juu ya farasi, unayazunguka moja moja, unatoka mbio. Saa ndiyo hakimu. Ila farasi mwenye kipaji hicho ni kama mume anayeosha vyombo bila kuambiwa: wapo, lakini wameshachukuliwa.

Sasa, wiki ya mnada wa farasi, mama yetu akavunjika nyonga huko Tulsa. Verlene ikabidi aende kumuuguza. Akiba aliyoidunduliza kwa ajili ya farasi mpya akamkabidhi Wendell.

"Mume wangu, nisikilize," alimwambia mbele yangu. "Mpande. Mgeuze kulia, mgeuze kushoto. Akikataa kugeuka, muache hapo hapo hata kama ana mabawa."

"Mke wangu, unamwambia nani?"

"Ninayemwambia namjua. Ndiyo maana narudia."

Mnadani Wendell hakupanda hata kigoda. Kule farasi aliyewahi kushindana kwenye njia iliyonyooka huwa na alama ya kasi yake. Mwenye tisini si haba. Mwenye mia ni moto. Kimbunga, dume refu la rangi ya shaba, zuri kama bwana harusi, alikuwa na mia na saba! Wendell alipoiona namba ile, macho yakamtoka kama ya chura aliyekanyagwa, akalipa akiba yote papo hapo.

"Shemeji," nikamwambia, "mbona hujamgeuza?"

"Shemeji, farasi ni injini. Kona ni usukani tu. Usukani tutafunga nyumbani!"

Verlene aliporudi, alimpanda Kimbunga mbele yetu. Akamwambia kulia. Kimbunga akanyoosha mbele. Akamwambia kushoto. Kimbunga akanyoosha mbele zaidi. Alikuwa na kona ya treni ya mizigo.

"Ulimgeuza?" Verlene akauliza, bado yuko juu ya tandiko.

"Ana mia na saba."

"Nimeuliza, ulimgeuza?"

"Mia na saba, Verlene!"

"Na mama ana themanini na mbili. Hazijamsaidia nyonga!"

Akashuka, akaenda zizini kwa farasi wake mzee, akaegemeza paji la uso shingoni mwake. Mimi na Wendell tulisimama nje tukitazama buti zetu kama wanafunzi waliovunja dirisha. Msimu mzima wa dada yangu ulikuwa umeingia kwenye namba moja.

Alipotoka, hakuwa na hasira tena. "Mbio si kitu kibaya," alisema. "Farasi asiye na mbio atashika mkia tu. Lakini huyu kwanza atembee kuzunguka pipa. Taratibu. Mwaka mzima."

"Mwaka!" Wendell akaruka. "Farasi wa mia na saba afundishwe pipa mwaka mzima? Pipa lenyewe si limesimama tu! Haliendi popote! Jumamosi nampanda mwenyewe!"

Nilidhani dada atamzuia. Akanivuta pembeni. "Muache, kaka. Kuna watu hawasomi mpaka kitabu kiwaangukie."

Wiki ile mgahawani hapakulika. Wendell alizunguka na kahawa yake meza hadi meza, akieleza nguvu ya kasi kwa watu waliotaka mayai tu. Akashonesha shati jipya la bluu, mgongoni namba 107 kubwa kama bango la mbunge. Kofia yake pana ndiyo haikufika uwanjani. Verlene alimvua getini, akamvika helmeti ya waridi ya binti wa jirani.

"Mke wangu, watu wananiangalia!"

"Wakuangalie ukiwa na kichwa."

Jumamosi, mzee Hoyt, mtangazaji wetu, akapaza sauti kwenye spika: "Sasa anaingia Wendell Stuckey! Na Kimbunga! Na mgongo wake, kama mnavyousoma!"

Kimbunga akaja mpaka mdomo wa uwanja, akasimama. Akatulia tuli. Wendell akampiga visigino. Kimya. Akambembeleza. Kimya. Akamnong'oneza alama zake sikioni. Wapi! Farasi kawa sanamu.

"Msukume!" akapiga kelele mtu jukwaani.

"Muulize kama ana miadi!" akajibu mwingine.

Verlene pembeni yangu akashika kichwa. "Kaka, huyu amezoea kuanza kwa kengele. Anasubiri kengele!"

Kabla sijafumbua kinywa, mzee Hoyt, kwa huruma zake, akaona bora amtoe Wendell aibuni. Akagonga kengele ya kuita anayefuata.

Mungu wangu!

Kimbunga hakuondoka, alifyatuka! Pipa la kwanza alilipita kama mtu anayepita nyumba ya mdai. La pili hakuliona. La tatu aliliruka! Geti la nyuma lilikuwa wazi kwa ajili ya trekta la kusawazisha udongo. Kimbunga akaona njia iliyonyooka, akaishukuru.

"Gezaaa!" tukamsikia Wendell akiagiza. Hata neno lenyewe lilipoteza herufi njiani.

Wakapita kibanda cha soseji, mteja akabaki ameshika kijiti kitupu. Wakavuka barabara. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hawakuwahi kukutana na Kimbunga. Yeye mbio zake zilikuwa na urefu uliopimwa tangu ujana wake kwenye njia iliyonyooka, na ulipotimia, alifunga breki zote nne palepale.

Palepale palikuwa uani pa kanisa la Wabaptisti. Na uani palikuwa na ibada ya ubatizo, kwenye birika kubwa la kunyweshea ng'ombe.

Kimbunga alisimama. Wendell hakusimama. Aliendelea peke yake, kwa heshima zote, akapaa juu ya kwaya na kutua birikani chubwi!

Mchungaji Purvis, maji yakimchuruzika miwanini, akamtazama alivyoibuka. "Ndugu Stuckey. Umekuja, au umeletwa?"

Wendell akatema maji. "Mmeona mwendo ule?"

Tulipofika tukihema, kwaya ilikuwa imeshindwa kuimba kwa kucheka. Lakini dada yangu hakumtazama mumewe. Alimtazama Kimbunga. Katikati ya makelele yale, watoto wakimvuta masikio, farasi alikuwa anakunywa maji ya ubatizo taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa chai.

"Lo," Verlene akasema polepole. "Kumbe ana utulivu." Akashika hatamu, akapiga hatua moja kulia. Kimbunga akamfuata. Kulia!

Basi mwaka ukaanza. Kila asubuhi dada alimtembeza kuzunguka pipa. Akamtembeza tena. Wendell alikaa juu ya uzio akiguna, "Mia na saba, anatembea kama bibi anayetoka sokoni!"

Vuli iliyofuata, kwenye maonyesho ya wilaya, Verlene na Kimbunga waliyazunguka mapipa yote matatu kama mtu anayekunja shuka, wakatoka nje wa kwanza. Uwanja ulinguruma! Nilimwona dada yangu akilia bila kujifuta.

Wendell alimfikia kabla hajashuka. "Si nilisema? Si nilisema? Kasi!"

"Mume wangu, ameshinda kwa sababu leo amekubali kupunguza."

Dada wa gazeti la wilaya akajisogeza na kalamu yake. "Mama Stuckey, farasi huyu ulimchaguaje?"

"Sikumchagua. Aliyemchagua ni mume wangu, kwa kuangalia kasi tu."

Wendell akatanua kifua, akajiweka sawa kwa picha.

"Na mume je," dada wa gazeti akacheka, "ulimchaguaje?"

Verlene akamtazama Wendell kwa upendo, kutoka kofia hadi buti.

"Huyo? Alikuwa wa kwanza kufika kwetu kuposa," alisema. "Na mimi siku hizo nilikuwa naangalia kasi tu."