Ada ya Ufundi wa Friji

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Lodwar.

Chuo cha Eldoret kimenikubali! Ufundi wa friji, mwaka mmoja, cheti cha serikali. Sharti moja tu: ada ya muhula wa kwanza ilipwe kabla ya tarehe 23, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mshahara wa tarishi hautoshi hata nauli na blanketi. Lakini fikiria! Mji wenye joto hili, na fundi wa friji ni mmoja tu, mimi, Ochola. Watu watanisalimia kwa jina. Kwa sasa wananiita "yule wa bili", kwa sababu napeleka bili za maji, na wakiniona wanaingia ndani.

Mpango: harambee. Nimeazima viti vya kanisa.

Jumamosi, 10 Agosti.

Harambee imefanyika. Viti vingi, watu watatu. Shiko, mwenye hoteli ya chai, alikuja kuuza chai. Atabo, mlinzi wa kanisa, alikuja kulinda viti. Wa tatu alifuata kivuli, akalala. Nimehutubu hata hivyo.

Shiko ameniambia bila kupepesa macho kwamba kila kadi ya harambee iliyonifikia katika mji huu niliikimbia. Hata alipofiwa na mamake sikuonekana. Kweli sikuonekana. Nilikuwa ndani, mlango nimeufunga kwa komeo, nikingoja wachangishaji wapite. Hilo sikumwambia.

Viti nimerudisha peke yangu, viwili viwili. Njia nzima hakuna aliyeniuliza kulikoni.

Jumanne, 13 Agosti. Kakuma.

Kazini nimesema naumwa jino. Kuna shirika kambini linalolipia watu kozi za ufundi. Madirisha mawili: kushoto wakimbizi, kulia wenyeji. Nilianza kushoto. Mbele yangu alikuwa mama wa Kisudani, Agot, anayetaka kozi ya ushonaji. Alikuwa na dada yake, shemeji yake na majirani, wote wamekuja kumsindikiza tu. Wakanigawia mandazi.

Karani akaniuliza nimekimbia nini. Nikasema umaskini. Akanionyesha dirisha la kulia. Huko karani alikuwa Mturkana. Nikamsalimia ejok, neno pekee la Kiturkana ninalolijua. Akafurahi, akaongea Kiturkana kirefu sana. Nikamwambia ejok tena. Akafunga dirisha akaenda kula.

Agot aliniona nimesimama katikati ya foleni mbili. Akaniuliza kwa upole, "Sasa wewe, watu yako iko wapi?"

Nikamjibu wako Ugenya. Sikumwambia kwamba mama alikufa, na kwamba mjomba hajajibu barua yangu hata moja tangu nihamishiwe huku. Swali lile nimerudi nalo mpaka Lodwar. Mandazi yalikuwa matamu.

Ijumaa, 16 Agosti.

Kuna mzee mfugaji, Lokol. Kila akija mjini anakaa kwenye lango la ofisi yetu na kuniomba tumbaku. Nampa, kwa sababu ukimnyima anabaki akikutazama. Leo, kabla hajafungua mdomo, nimemwomba mimi. Mbuzi! Nilitaka tu aonje uchungu wa kuombwa.

Mzee akafurahi! Akasema amengoja siku nyingi nimwombe kitu, alidhani ninamdharau. Tukaenda pamoja mpaka mnadani, akachagua mbuzi jike mweusi, akanishikisha kamba.

"Hii mbuzi ni yako," akasema. "Na wewe sasa ni mtu yangu."

Akaniita lopai. Jioni Atabo amenieleza maana yake: rafiki wa mifugo, rafiki wa maisha. Mbuzi wa namna hiyo hauzwi. Anafugwa, anazaa, na siku moja Lokol naye ataniomba. Maelezo mazuri sana, ila yamechelewa. Mbuzi alikuwa ameshafika bucha.

Jumamosi, 17 Agosti.

Nimepiga hesabu. Kuomba mara moja, mbuzi mmoja. Basi dawa ni kuomba mara nyingi! Nimevuka mto Turkwel asubuhi kutafuta wafugaji wengine. Tatizo: kila niliyemkuta ameniomba yeye kwanza. Tumbaku ikaenda. Mshipi ukaenda. Viatu navyo vikaenda. Nilipoomba mbuzi, wa mwisho akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba bado hanijui. Nirudi siku nyingine, tukae, tunywe maziwa, tujuane.

Nani ana nafasi ya kunywa maziwa? Tarehe 23 hiyo inakuja! Nimevuka mto peku, suruali nimeishika kwa mkono.

Alhamisi, 22 Agosti.

Lokol amekuja nyumbani. Nimemjua kwa kikohozi. Moja kwa moja nikaingia chini ya kitanda. Amefuata mbuzi wake, nikawaza, na mbuzi ameshaliwa na mji mzima. Akaita lopai. Nikabana pumzi. Akaita tena. Kitu kikakwaruza mlango, nikajua ni fimbo. Kisha akakaa kwenye kivuli cha ukuta wangu mpaka jua likageuka, nami chini ya kitanda, mbavu zikiuma.

Alipoondoka, Shiko amekuja kugonga. Kumbe mzee alisikia kwa Atabo kwamba natafuta ada. Akazunguka kwa ndugu zake, kila mmoja akatoa mnyama. Alikuja na kundi zima la mbuzi. Ndio waliokuwa wakikwaruza mlango. Shiko alimwambia labda nimeshakwenda Eldoret, kwa hiyo amewarudisha, na familia yake inahamia upande wa Lokiriama kufuata malisho. Haijulikani watarudi lini. Ameacha salamu tu.

Nimekimbia mpaka njia ya mnadani. Nyayo za mbuzi zimejaa kila upande, na hakuna aliyejua zipi ni zake.

Jumapili, 25 Agosti.

Nafasi ya Eldoret imekwenda. Nimelia. Nilimlilia Lokol kuliko friji, jambo ambalo sikulitarajia.

Hata hivyo mtu hupata funzo. Nimekaa nikafikiri kwa makini, na kosa nimeliona: mlango wangu hauna tundu. Baada ya ibada nimeazima keekee kwa seremala, nimetoboa tundu la kutosha jicho. Sasa nitakuwa naona mapema. Mgeni akija na mbuzi, nafungua. Akija mikono mitupu, sipo.

Nimesimama hapa tunduni tangu mchana. Hakuna aliyebisha.