Gadi Kwenye Balkoni ya Nyuma

Leo nimeumbuka, wenzangu, na nimeumbuka nikiwa nimelowa chapachapa. Nawaandikia ninyi magadi wa treni mliostaafu nami na kuhamia Voi, kabla wambea wa mtaa wetu wa Makongeni hawajawafikia. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mnamkumbuka binti yangu Mwende. Ofisi yao ya kuhudumia watalii imempa nafasi mbili za wazazi kwenye meli kubwa, kutoka Mombasa kwenda visiwani, siku sita. Jana alituletea mchoro wa meli nzima, vyumba vyote vimepangwa kwa safu. Akasema, "Baba, chagueni. Kesho saa kumi nafunga orodha."

Nilichagua kabla chai haijapoa. Chumba cha nyuma kabisa, chenye balkoni inayotazama nyuma. Kwani gadi hukaa wapi? Miaka ishirini na saba nimekaa behewa la mwisho, nikitazama reli ikibaki nyuma, firimbi mfukoni. Treni ikigonga ng'ombe, sisi wa nyuma huuliza tu kumetokea nini. (Dereva ndiye wa kujieleza.)

Mwende akafurahi. "Hicho ni kizuri sana, baba! Kiko juu, kama ghorofa ya tano hivi, na chini ni bahari tupu."

Ghorofa ya tano? Mimi nyumba yangu ni ya chini tangu nioe. Hata kubadilisha balbu, anayepanda kiti ni mama Mwende! Na maji yenye kina ninayoyajua mimi ni ya pipa.

Asubuhi mama Mwende akanitazama nikishindwa kumeza mkate. Huyu mama amengoja kuiona bahari tangu tuoane, na kila likizo nilimwambia mwakani. Akasema kwa upole ulionitisha zaidi, "Baba Mwende, kama unaogopa, sema. Nitaenda na dada yangu."

"Niogope? Mimi?"

"Basi twende kwa Kioko tukajaribu."

Kioko ni ndugu yake. Anakaa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, na balkoni iko upande wa nyuma. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikavaa koti langu la kazi, firimbi ikiwa bado mfukoni, ili linitie moyo.

Ngazi nilizipanda nikipapasa ukuta. Kioko akatukaribisha, akafungua mlango wa nyuma. Balkoni yenyewe ina upana wa mkeka. Ni ya wapangaji wote wa ghorofa ile, kwa hiyo kamba zilijaa nguo za kila mtu.

"Simama hapo ukingoni mpaka nimalize chai," mama Mwende akaniamuru. Wakaingia ndani na ndugu yake, wakarudisha mlango.

Nikashika chuma cha ukingoni. Chuma kikacheza! Chini niliona mabati na vichwa vya watu, vidogo, mbali. Nikafumba macho, nikajiambia hii ni meli, kelele hizo ni mawimbi, Mungu wangu nishike mkono. Nikatoa firimbi nikaiweka mdomoni, kwa kujifariji tu.

Ndipo bahari ikanimwagikia! Beseni zima, baridi, lenye povu, kutoka juu. (Ghorofa ya sita hufua Jumamosi. Ningejuaje?) Wenzangu, mimi sikuwaza beseni. Niliwaza tunazama. Nikapuliza firimbi ya hatari, mara tatu, kwa pumzi yangu yote, na nikakumbatia kilichokuwa karibu.

Sasa, kwenye reli firimbi ina maana nyingi. Kwenye mitaa yetu hii ina maana moja tu: mwizi! Milango ikafunguka pande zote. Wanaume wakatoka na rungu, kina mama na miiko. Wakatazama juu, wakaona mzee aliyelowa amekumbatia petikoti la mke wa mtu.

"Mwizi wa nguo! Yuko juu!"

"Wewe buda, hiyo umetoa wapi? Shuka!"

"Asishuke, tunamfuata huko huko!"

(Hakuna aliyejiuliza ni mwizi gani hujipigia firimbi.)

Nikasikia viatu kwenye ngazi, vingi. Urefu nikausahau kabisa. Sasa niliogopa kufa, tena kufa na petikoti mkononi, na pasta atasema nini siku ya mazishi? Nilitaka kupiga kelele kwamba mimi ni mgeni wa Kioko. Kilichotoka ni firimbi tena.

Mama Mwende akatokea, kikombe mkononi. Akaona watu. Akaona petikoti. Akaniona mimi. Akainama juu ya kile chuma kinachocheza, akapaza sauti yake ya kwaya: "Mwacheni! Ni mume wangu! Anafanya mazoezi ya kupanda meli!"

Kisha mmoja akauliza kutoka chini, "Meli ya wapi, mathe? Ya hapa Pipeline?"

Kicheko kilichofuata nadhani mlikisikia huko Voi. Mwenye petikoti akaja, akanibandua vidole kimoja kimoja. "Pole, baba," akasema, "lakini hili nilikuwa nimeshalisuuza." Wale waliopanda na rungu ndio walionishusha, wawili mbele, wawili nyuma, macho nimeyafumba.

Saa kumi kasorobo tulikuwa kwenye kibanda cha simu. Hapo nikasema ukweli. "Mama Mwende, naogopa. Naogopa sana. Nenda na dada yako."

Akanipangusa povu sikioni, akachukua simu. "Mwende? Ni kile kile cha nyuma. Ndiyo, na baba yako. Nina hakika. Ameshamwagiwa na hajafa."

Firimbi ameinyang'anya, imo ndani ya mkoba wake. Kucheka, chekeni tu, siwezi kuwazuia. Ila mniombee: kwenye chumba kilicho juu ya chetu asipangwe mtu anayefua Jumamosi.