Marufuku Kutembea Kabla ya Uzinduzi

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Onesphory Kagaruki, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Mapambano dhidi ya Lehemu; waheshimiwa wajumbe wangu kumi na wawili, mlionenepa kwa kulitumikia taifa; viongozi wa dini, mlioombwa mfupishe sala ili nipate muda; wavuvi mliofika kwa boti kutoka Goziba; wakulima mliotembea kwa miguu kutoka Ngenge, jambo ambalo nitalikemea baadaye; na wote niliowasahau kwa makusudi, habari za saa hizi! (Makofi. Mjumbe mmoja anaamka.)

Ndugu wananchi, lehemu ni mafuta yanayojazana kwenye mishipa ya damu kama matope kwenye mfereji, na wataalamu wanasema, nami niliwasikia nikiwa nimekaa karibu nao kabisa, kwamba hushushwa kwa kula maharage, mboga za majani, matunda na samaki asiyekaangwa, pamoja na kutembea nusu saa kila siku. Sasa, jambo zito namna hii haliwezi kuachwa kila mtu alifanye hivi hivi, bila mwongozo wala baseline, yaani kipimo cha kuanzia, ndiyo maana miezi minane iliyopita Kamati yangu ilipiga marufuku mwananchi yeyote kutembea kwa ajili ya lehemu kabla ya uzinduzi rasmi. (Minong'ono. Sauti ya mama: “Mheshimiwa, mzee wangu anazidi kunenepa!”)

Nimekusikia, Ma Georgina. Wote tunamfahamu mama huyu, aliyefyeka migomba thelathini kwenye kibanja chake, mbele kabisa ya nyumba, ili tupate uwanja wa mazoezi. Na tunamfahamu mumewe, Ta Ildefons, aliyeambiwa na daktari atembee kila siku kama anataka kuwaona wajukuu wakikua, lakini, kwa utii wa kupigiwa mfano, amekaa kwenye kiti miezi yote minane akisubiri tarehe yangu. Huo ndio uzalendo! Simama, Ta Ildefons, watu wakuone. Hapana, kaa, kaa! Utaonekana umeanza. (Kicheko. Ma Georgina hacheki.)

Nije kwenye takwimu. Tulipima sampuli wakilishi, yaani wajumbe wangu, kabla na baada ya vikao ishirini na viwili vya kimkakati vilivyofanyika Bukoba mjini, kando ya ziwa, kwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, vilivyoungwa vikaungika, mbuzi wa kuchoma, na msimu ulipowadia, senene wa kukaanga, na ninayo furaha kuwatangazia kwamba lehemu imepanda kwa asilimia arobaini na moja! (Makofi ya wajumbe tu.) Msishtuke. Utashushaje kitu ambacho hakijapanda?

(Sauti: “Na uwanja?”) Uwanja uko kwenye mchakato. (“Na mashine ya kutupima sisi?”) Iko kwenye mchakato. Na mchakato wenyewe uko katika hatua za mwisho za kuanza.

Kabla sijashuka, mikono juu! Lehemu! (Wajumbe: “Ishuke!”) Matembezi! (Wajumbe: “Yasubiri!”) Kamati! (Wajumbe, kwa nguvu kuliko zote: “Ikae!”)

Shukrani za pekee ni kwako, Ma Georgina, maana mikungu ya ile migomba yako ndiyo iliyolisha vikao vyetu vya kutafuta jina la mradi, jina ambalo, ananinong'oneza hapa katibu wangu Datius, bado hatujalipata, na mradi wenyewe, anasema, haumo kwenye barua yoyote, wala faili lolote, wala kichwani mwa mtu yeyote, kwa hiyo lile katazo la kutembea lilikuwa la… la nini, Datius? Anasema halikuwa la chochote.

(Ma Georgina anamshika mumewe mkono: “Miezi minane! Simama, mzee wangu. Tunatembea mpaka kanisani na kurudi, na kesho tena.” Ta Ildefons anainuka, anayumba kidogo, anatembea. Watu wa Ngenge wanamfuata, kisha wavuvi, kisha mkutano mzima.)

Waitu, ndugu zangu, subirini! Sijakata utepe! Ta Ildefons, rudi kwenye kiti! Datius, wangapi wanatembea? Wote? Basi andika haraka: mara tu baada ya hotuba yangu, utekelezaji umefikia asilimia mia moja. Na atafutwe mtu mmoja arudi, apige makofi.