Mume wa Zamani Katika Mfumo Mpya

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, Ofisi ya Manispaa,

Pokea salamu, na pole kwa kazi ya kuhamisha taarifa zetu kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Nasikia mifumo hiyo haielewani, kama mawifi katika jiko moja. Mtaalamu wako aliniambia kwa upole, "Mama, hakuna kilichopotea. Ni vile tu kisanduku kipya kinapokea neno moja." Basi nayalalamikia maneno yaliyoachwa nje ya kisanduku.

1. Nilikuwa "fundi saa". Sasa ni "fundi". Mnaowaelekeza kwangu huja na mabomba yanayovuja, na juzi alikuja bibi harusi mwenye zipu iliyogoma. Niliikaza kwa koleo langu dogo. Alitoka amependeza, lakini sikusomea hayo.

2. Mganga mkuu wa hospitali amebaki "mganga". Mlangoni kwake wamejaa watu wanaotaka dawa ya mapenzi. Naambiwa anawapima presha kwanza, na wengi wanayo.

3. Hili ndilo zito. Kwenye familia niliandikisha "mume wa zamani". Mfumo umechukua "mume", ukanirudishia ndoa bila posa wala shahidi. Bwana huyo ni fundi bomba, na kwa kuwa naye sasa ni "fundi" tu, watu wanampelekea saa. Hazijui. Kila jioni ananiletea saa zake, nami nampa mabomba yangu. Nilipomwambia aziache mlangoni, akatoa karatasi yenye muhuri wako: "Mimi ni mumeo, ofisi imesema." Jana alikuja na mto wa kulalia.

Naomba kwa heshima mpanue kisanduku. Mkishindwa, bwana huyu ahamishiwe kwako, Mkuu, kwa njia ileile mliyomhamishia kwangu. Nakuonya tu kwamba anakoroma.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na yule mtaalamu mpole na mama anayewapikia chai.

Ni mimi, nisiyechoka kusubiri majibu,
Fundi (saa)

N.B. Nimeisoma barua hii kwa sauti, na bwana huyo amesikia yote. Ameinuka akaenda kuziba bomba la jikoni, linalovuja tangu alipoondoka. Tafadhali msirekebishe chochote. Na mtu akiuliza, semeni hayo maneno "wa zamani" mliyapoteza ninyi, si mimi niliyeomba yafutwe.