Rangi Halisi za Siku ya Upadrisho

Jumatatu, 7 Julai 2003

Baridi kali. Upepo umeingia mpaka ndani ya kibodi. Shemeji Raymond, mume wa dada Jenifer, kafika dukani kabla sijavua koti. Kanikumbusha kwamba kompyuta, skana na printa ni mali yake, na kwamba zimekaa kwangu hapa Majengo tangu Krismasi bila kuleta kazi ya maana. Nikipata kazi ya Jubilei ya Padre Oswaldi, zinabaki. Nikikosa, anazihamishia kwa Flavian, ng'ambo ya barabara.

Flavian! Mchora vibao. Mtu anayekorogea rangi kwenye kopo la maziwa ya unga. Nimeumia. Nimemwambia shemeji asiwe na shaka. Kasema shaka anayo.

Hajui silaha niliyonayo. Kule kozini Mbeya nilishika jambo moja tu, lakini nililishika vizuri. Unaingiza picha kwenye kompyuta kwa skana. Unafungua programu ya kuchorea. Unabofya kile kidude mfano wa dropa ya dawa ya macho, unakigusisha kwenye picha, kinanyonya rangi ileile, unaihifadhi kwenye kisanduku. Visanduku vikijaa, una kisahani kizima cha rangi, na utakachochora kitalingana na picha. Hakuna kubahatisha. Ninavyo visahani vingi. Kuna Migebuka ya Kabwe, niliyoitoa kwa samaki wa ziwani, kuna Ulezi Uliokomaa, kuna Bwana Afya Amekasirika. Kweli, bucha ya jirani walilikataa tangazo langu. Rangi zake nilizitoa kwenye picha ya ng'ombe mzima na wao wakalalamika kwamba halina nyekundu. Niliwaeleza kwamba ng'ombe kwa nje hana nyekundu. Watu hawapendi sayansi.

Jumatano, 9 Julai

Kikao cha kamati ya Jubilei. Padre anatimiza miaka ishirini na tano tangu apadrishwe, na kamati inataka kadi, mapambo na rangi ya sare za kwaya. Flavian kaja na vibao alivyopaka rangi mbalimbali, kawaambia wachague wanayoipenda. Yaani kupenda ndiyo kipimo!

Nikasimama. Nikasema tusichague, tuulize. Picha ya upadrisho ya mwaka 1978 ipo, imetundikwa sebuleni kwa mapadre, na kila rangi ya siku ile imo. Kompyuta itazitoa moja moja, na kwaya itavaa tena kilekile ilichovaa. Mzee Abel, mweka hazina, alijifuta macho. Mama Fransiska, mwenyekiti, akanikabidhi picha na kunipa hadi Jumamosi. Flavian alikusanya vibao vyake. Nilimsaidia kubeba kimoja, kwa huruma.

Ijumaa, 11 Julai

Nimenyonya. Matokeo yamenishangaza hata mimi. Mbingu ya 1978 ilikuwa rangi ya uji wa ulezi. Majani yalikuwa chai ya rangi. Gauni za kwaya zilikuwa waridi, ila waridi lililochoka. Padre mwenyewe ni tofali la kuchoma. Nisingeyajua haya bila mashine. Picha nayo ni ya kuaminika kabisa. Miaka yote imetazamana na dirisha na jua la asubuhi limeipiga sawasawa, kwa hiyo mwanga imeupata wa kutosha.

Flavian alichungulia mlangoni, akasema mshikaji, hiyo picha si imepauka. Nimemjibu kwamba kilichopauka ni biashara yake. Wivu mbaya sana.

Jumamosi, 12 Julai

Nimewasilisha. Karatasi zimetoka kwenye printa safi. Mama Fransiska kaziangalia moja moja. Kisha kasema kwamba mwaka 1978 yeye alikuwa kwenye kwaya hiyohiyo, sauti ya kwanza, na walivaa bluu. Nikamwuliza kwa heshima zote kama ana uhakika. Kasema gauni lake alilishona mwenyewe. Nikamwambia Mama Mwenyekiti, binadamu husahau, picha haisahau.

Hapo Mzee Abel akasema kwamba sasa anakumbuka waridi. Mjumbe aliyekaa karibu naye akakumbuka kwamba hata mbingu siku ile haikuwa ya kawaida, na watu waliisema. Chai ilipoletwa, nusu ya kamati walikuwa wameshaliona waridi kwa macho yao, pamoja na mmoja ambaye mwaka huo alikuwa hajazaliwa. Kura zikapigwa. Waridi. Mama Fransiska kaondoka, kaacha chai kikombeni.

Agnesi, fundi cherehani wa parokia, kaagizwa atafute jora la waridi lililochoka. Kaniuliza limechoka kwa kazi gani. Nimepita kwa shemeji Raymond nikamwambia kompyuta haiendi popote. Nimekula ugali mara mbili.

Jumatatu, 14 Julai

Balaa. Mama Fransiska kaenda kwa Bibi Rozina, mama mzazi wa Padre. Bibi kafungua sanduku lake na kutoa kitenge alichokivaa siku mwanawe alipopadrishwa. Kilikatwa kwenye jora moja na gauni za kwaya. Tangu siku ile hajakivaa tena, alikuwa anaingoja Jubilei. Ni bluu. Bluu ya kuumiza macho.

Kamati imetetereka. Nikaomba nikipeleke kitenge kwenye mashine kwa uchunguzi. Nilimwamkia Bibi shikamoo, nikamshika mikono yote miwili, nikamwahidi kitarudi kama kilivyo. Kaitikia marahaba, kasema mjukuu wangu, mimi sina wasiwasi na wewe. Mama Fransiska kasema yeye anao.

Skana imetoa bluu. Nimegeuza upande wa pili. Bluu. Kwa hiyo skana hii ni nzuri kwa picha lakini kwa vitenge ni dhaifu.

Nimewaza hadi kichwa kimeuma, na jibu nimelipata. Picha imekaa kwenye jua, kitenge kimekaa gizani sandukuni. Kitenge hakijapewa nafasi ya kufikia rangi yake. Si haki kuwashindanisha namna hiyo. Kesho nakipa jua.

Jumanne, 15 Julai

Andika pole pole, Felisian, usiruke kitu.

Asubuhi nimepanda juu ya bati la duka, nimekitandaza kitenge, nimekigandamiza kwa matofali pembeni. Jua zuri. Nikashuka kunywa chai. Upepo ukaja ule wenyewe wa Julai, ukanyanyua kitenge, tofali moja likaanguka mbele ya miguu ya mteja ambaye sidhani kama atarudi.

Leo ni siku ya mnada. Wafugaji wa Kisukuma kutoka Kaoze walikuwa wanapitisha ng'ombe barabarani. Kitenge kikazunguka hewani, kikashuka polepole, kikatua kwenye pembe za maksai mkubwa kuliko wote. Maksai hakushtuka. Aliendelea na safari kama mama anayekwenda misa ya kwanza.

Nikamkimbilia. Mwenye ng'ombe, mzee mpole sana, kaniambia huyu hapendi kushikwa pembe na mtu asiyemjua, tungoje afike mnadani atulie. Basi nimemfuata nyuma, mji mzima ukitazama. Flavian alikuwa juu ya ngazi yake akichora kibao cha saluni. Kacheka mpaka kadondosha brashi.

Mnadani mnunuzi mmoja alimpenda maksai, akauliza kama anauzwa na nguo zake. Nikasema hapana. Mwenye ng'ombe akasema tuzungumze. Ilibidi nimweleze kila kitu, habari ya Padre, ya Bibi, ya mwaka 1978. Akamshika maksai masikio, akamnong'oneza kitu kwa Kisukuma, nikavuta. Kikachanika.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikiwa nimekipakata. Tundu la pembe katikati, samadi kwenye pindo. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli. Wala sikuwa nawaza kompyuta. Nilikuwa namwaza Bibi akiniambia hana wasiwasi.

Baadaye nilikitazama tena. Bado bluu.

Jumatano, 16 Julai

Nimekirudisha. Nilikuwa nimetunga habari ya mwizi, lakini Bibi alipofungua mlango ikanitoka. Nikasema kweli yote, mpaka habari za pembe. Kakinusa. Kasema samadi inatoka kwa maji tu. Kisha kaniuliza kama nimekula. Afadhali angenichapa.

Agnesi kakitia kiraka. Kamati imekaa bila kuniita. Sare bluu, kadi bluu, kazi kapewa Flavian. Nasikia Mzee Abel kaeleza kwamba yeye bluu aliikumbuka tangu mwanzo.

Alhamisi, 17 Julai

Shemeji Raymond kaja na mkokoteni. Sikubisha. Kavusha kompyuta, skana na printa ng'ambo ya barabara, hatua chache tu, na hapo ndipo uchungu ulipo, kwa sababu naviona vyote nikiwa nimekaa. Flavian hajui hata pa kuiwashia. Kaweka kopo lake la rangi juu ya skana. Nimelia kidogo. Kuna vumbi pia.

Jumapili, 20 Julai

Jubilei. Kanisa lilijaa bluu mpaka nje. Bibi Rozina alikuja na kitenge chake chenye kiraka, akacheza mbele ya mwanawe hadi Padre akashindwa kusoma. Ilipendeza. Naandika hapa tu, kwa mdomo sitasema.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefufuka!

Picha za Jubilei zimerudi kutoka kusafishwa Mbeya. Mpiga picha alikuwa kazificha kwa aibu, nimezing'ang'ania nikaziona. Kijani! Kwaya kijani, keki kijani, kadi za Flavian kijani, Padre kijani kama kisamvu. Hata kitenge cha Bibi. Hakuna bluu hata ya dawa.

Kwa hiyo Flavian aliivalisha parokia nzima kijani na wote wakadanganyika, na mimi nikiwamo. Nimechukua picha tatu zilizotoka vizuri zaidi. Naenda sasa hivi kwa Mama Fransiska kudai kazi ile ifutwe, halafu kwa shemeji Raymond na mkokoteni wangu mwenyewe.

Mpiga picha kanifuata hadi barabarani akiapa kwamba filamu ilikuwa imekwisha muda wake. Nimemwuliza kwa upole tu: kama filamu ilikosea, mbona kila mtu ametoka kijani?